Nguruwe wa Harusi Yangu

Msamala, Songea
21 Julai 2024

Mdogo wangu mpenzi Remigi,

Nakusalimu kwa upendo wote uliobaki baada ya kumpa mume wangu sehemu yake. U hali gani huko Mbeya? Baridi ya huko nasikia inauma masikio. Sweta la bluu limekufikia? Unakula? Kifua hakibani? Huku sisi ni wazima. Bibi Kunegunda goti linamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, nawe unaujua.

Mimi nina furaha mpaka naona aibu. Remigi, kuolewa ni kuzuri, asikudanganye mtu. Leonce anaamka kabla yangu, anawasha jiko, ananipashia maji, halafu anajifanya bado amelala ili nidhani maji yamejipasha yenyewe. Jana nilimtuma sukari. Akarudi na pakiti ya mbegu za maua kutoka kule dukani anakouza pembejeo, kwa sababu picha ya juu ilikuwa na ua la zambarau na mimi napenda zambarau. Sikumgombeza. Tulikunywa chai bila sukari huku tumeisimamisha ile pakiti mezani na kuitazama.

Sasa tuzungumze nguruwe.

Nakuandikia jinsi ninavyokumbuka mimi, kwa sababu hapa mtaani kila mtu anaisimulia kivyake, na kwa wengine nguruwe wamekwisha kuwa watatu. Harusi ilikuwa nyumbani kwa baba mkwe, Mjimwema. Wakwe zangu ni Wabena, sisi ni Wangoni, na Mbena na Mngoni ni watani tangu enzi za mikuki. Kwa hiyo ulikuwa na haki yako kama kaka wa bibi harusi kunyakua kitu cha upande wa bwana harusi na kudai kikombolewe. Shemeji mwingine angenyakua sufuria la pilau. Mwingine angekalia kiti cha baba mkwe mpaka apewe soda. Wewe ukaruka uzio ukamchukua nguruwe jike wa Bwana Gaspari.

Najua kilichokuponza. Bwana Gaspari alivaa sare ya kitenge ya upande wa bwana harusi, akacheza nao, akatutania Wangoni vizuri kuliko Wabena wenyewe. Lakini Gaspari ni jirani tu. Ni Mfipa wa Sumbawanga, amehamia hapa na familia yake, na kitenge alipewa kwa ujirani mwema. Na shangazi Tabu alikuambia. Ulikuwa bado umeshika kamba, akakuambia, "Wee Remigi, huyo si Mbena, ni Mfipa, mrudishe nguruwe wa watu." Ukamjibu, "Shangazi, nguruwe hana kabila."

Watu walicheka. Mimi pia nilipohadithiwa nilicheka, kabla sijajua mwisho wake. Mwisho wake ukaingia uwanjani unacheza ngoma yetu ya lizombe na kichwa cha nguruwe kwenye sinia, ukapiga magoti mbele ya Gaspari ukasema, "Mtani, komboa." Akautazama mkato wa sikioni, alama aliyomtia mwenyewe. Akasema polepole, "Huyu alikuwa azae wiki hii."

Muziki ulizimwa, Remigi. Harusi yangu mimi, muziki ukazimwa.

Wenzako waliokusaidia kumchinja walikimbia, wewe ulibaki umepiga magoti na sinia lako, na polisi walikukuta hivyo hivyo. Hilo nalishika moyoni, kwamba hukukimbia. Namshukuru Mungu pia kwa Bi Careen, yule afisa ustawi wa jamii. Alikataa katakata ulale na watu wazima. Mtaa ulikuwa una hasira, naye akaona ni heri usubiri kesi mbali, hapo kwenye mahabusu ya watoto, mpaka hasira zipoe. Ameniambia kesi itasikilizwa Oktoba katika mahakama ya watoto, hapa Songea. Mambo ni mawili. Ama upelekwe shule ya maadilisho, na huko inaweza kuwa miaka mitatu, ama uachiwe ukae kwa ndugu chini ya uangalizi wake.

Ndugu huyo ni mimi. Bibi aliyetulea kijijini hawezi tena kukimbizana na wewe. Nimekwisha mwambia Leonce, na Leonce amesema sawa kabla sijamaliza sentensi.

Dada yako anayekupenda,
Nota


Mbeya
2 Agosti 2024

Dada Nota,

Shikamoo. Natumaini hujambo pamoja na shemeji Leonce. Msalimie sana, na bibi mwambie goti alipake mafuta yale ya nyonyo. Mimi mzima. Sweta nimepata, mikono ni mirefu, naona ulimpimia Leonce.

Hapa si pabaya kama nilivyofikiri njiani. Nilidhani ni jela. Ni nyumba yenye uzio, vitanda vya juu na chini, na bustani ya kabichi. Asubuhi tunasoma, mchana tunalima, jioni mpira. Mlezi wetu anaitwa Makarius, ana sauti kama gari bovu lakini hajampiga mtu. Siku ya kwanza aliniuliza, "Umeletwa kwa nini?" Nikasema, "Nguruwe." Akauliza, "Wangapi?" Nikasema, "Mmoja." Akaandika, halafu akaniuliza kama alikuwa mtamu. Nikainama kufunga kamba za viatu.

Maana dada, ule utani umeniisha. Tulipompasua tuliviona vile vitoto. Wote tuliweka visu chini. Mimi ndiye niliyesema tuendelee, ngoma inaita. Sasa usiku nikifumba macho naviona. Hapa hakuna anayejua, wananiita Kitimoto kwa ajili ya yule nguruwe na wanacheka, nami nacheka nao.

Nimefurahi unavyofurahi. Barua yako nimeisoma mara nyingi, ile sehemu ya maji kujipasha niliwasomea wenzangu. Kuna mmoja amesema shemeji Leonce ni mtu wa kwenye sinema.

Lakini dada, nyumba yenu ni chumba na sebule. Mimi nitakaa wapi?

Mdogo wako,
Remigi


Msamala, Songea
18 Agosti 2024

Remigi wa mimi,

Salamu kutoka kwa watu wawili wanaotembea kama wamebebwa. Hujambo, kitinda mimba wa mama yetu? Sisi tu wazima, Mungu ametushikilia. Mbegu za zambarau zimeota, zote, hata zile zilizodondoka mlangoni.

Umeuliza utakaa wapi. Utakaa nyuma ya ukuta. Leonce ameigawa sebule kwa mbao, ameijenga mwenyewe jioni akitoka kazini. Ameshika msumari mdomoni kama fundi, shati wazi, jasho linamtiririka, nami nimekaa kwenye ndoo namshikia taa. Nilikuwa naona ukuta unakwenda upande, lakini ungemwona alivyopendeza usingesema neno na wewe.

Basi Bi Careen akaja kutukagua. Ni kazi yake, lazima aione nyumba utakayokaa na watu utakaokaa nao, ndipo amweleze hakimu. Nilipika samaki mbasa wa Ziwa Nyasa kwa nazi, nikatandika kitambaa cha harusi mezani. Yeye ni mwanamke wa maneno machache, kiatu kimepigwa kiwi. Aliuliza mengi. Nani anaondoka asubuhi, nani anarudi saa ngapi, shule iko umbali gani, tukigombana tunagombana vipi.

Leonce akasema, "Bado hatujagombana, afisa."

"Mna muda gani kwenye ndoa?"

"Wiki ya saba hii."

"Basi hilo si jibu," akasema Bi Careen, akaandika.

Halafu akauliza kama chumba cha kijana kimekamilika. Leonce kwa fahari akasema kimekamilika kabisa, gusa uone. Bi Careen akaegemea.

Remigi, ukuta ulikwenda. Ulikwenda polepole kama mtu anayepiga goti kanisani, ukamfunika mume wangu aliyesimama upande wa pili. Tukabaki tunatazama mbao. Chini yake ikatoka sauti, "Bado kidogo tu kukamilika." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Bi Careen alijizuia, akajizuia, halafu mdomo wake ukamshinda, akageukia dirishani na mabega yanatetemeka.

Lakini alipokuwa anaondoka aliniita pembeni. Akasema, "Dada Notburga, mimi nimeona wanandoa wapya wengi wanaosema wataweza. Kijana wa miaka kumi na sita si paka. Atafunga mlango kwa kishindo, atarudi kachelewa, atawanyima faragha. Na nikiandika kwamba mnaweza kisha mkashindwa, atakayepelekwa maadilisho ni yeye, si ninyi." Akaniambia pia kwamba hakimu atamsikiliza Bwana Gaspari, na Gaspari mpaka leo hataki kusikia jina lako.

Nilimwambia tutaweza. Alinitazama kama ninavyomtazama Leonce akisema nyama iko tayari.

Ukuta umesimamishwa upya, safari hii baba mkwe amesaidia. Nimeuegemea mwenyewe. Uko imara.

Dada yako,
Nota


Mbeya
30 Agosti 2024

Dada Nota,

Shikamoo dada. Habari za nyumbani, habari za shemeji na mbao zake? Mimi afya nzuri. Nimeongezeka, sweta sasa linanitosha.

Nimecheka kuhusu ukuta, halafu nikafikiri siku nyingi.

Hapa yuko kijana mmoja wa Tukuyu, kitanda cha juu yangu. Mwaka jana aliachiwa kwa dada yake aliyeolewa, kama mimi ninavyotaka kuachiwa. Shemeji yake alivumilia mpaka Krismasi. Kikombe kikipotea, ni yeye. Mtu akigonga usiku, ni wenzake. Dada yake akawa analia kila siku kati ya mume na mdogo wake, mwisho yule dada akarudishwa kwao na begi. Huyu kijana akaiba tena, kwa hasira tu. Anasema bora angekwenda maadilisho moja kwa moja, dada yake angekuwa na nyumba yake hadi leo.

Dada, wewe ulimsubiri Leonce miaka minne, mpaka mahari imekamilika. Nakumbuka ulivyokuwa unafua shati lake moja mara mbili. Mimi nimekuzimia muziki siku ya harusi, nisije nikakuzimia na ndoa.

Makarius anasema shule ya maadilisho wanafundisha useremala na unaendelea na masomo. Miaka mitatu si mingi. Nitatoka na miaka kumi na tisa, najua kujenga ukuta usioanguka.

Mwambie Bi Careen aandike hivyo. Ukishindwa kumwambia, nitamwambia hakimu mwenyewe.

Usinijibu kwa hasira.

Mdogo wako,
Remigi


Msamala, Songea
15 Septemba 2024

Remigi,

Hujambo. Sisi hatujambo. Nimefupisha salamu kwa sababu nina hasira, na hasira yangu ni ile ya kukutaka karibu nikufinye sikio.

Nani amekuambia ndoa yangu ni yai? Usimfananishe Leonce na shemeji wa mtu wa Tukuyu ambaye hata jina lake hatulijui. Barua yako niliisoma kwa sauti mbele yake, kwa kuwa hatufichani. Hakusema kitu. Alitoka nje akamwagilia maua mpaka yakawa bwawa.

Na habari ninazo, keti chini.

Nilimsimulia bibi kwamba Gaspari hataki kusikia jina lako. Bibi akaja mjini bila kuniambia, na goti lake, amefunga nguruwe mchanga jike kwenye kanga kama mtoto mgongoni. Akaniambia, "Nipeleke kwa huyo Mfipa." Nikamwambia bibi, tukaombe msamaha vizuri, kwa heshima. Akasema, "Msamaha ataomba Remigi, ana mdomo. Mimi nakwenda kwa shughuli nyingine."

Tulimkuta Bwana Gaspari anafagia lile banda tupu. Banda halina kitu, naye analifagia, Remigi. Binti yake mdogo amekaa kwenye uzio anamtazama. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi hakuamkia wala nini. Alikaa chini kwenye vumbi, akanyoosha goti, akaanza:

"Wewe Mfipa, ndiyo tabia yenu. Babu zetu walitoka kusini wakafika kwenu Ufipa wamechoka, wanataka kupumzika tu. Mkawatupia radi. Wakakimbia mpaka huku Songea, ndiyo maana leo tunalima kwenye mawe. Nani alikuambia umfuate Mngoni mpaka alikokimbilia?"

Mimi nikafumba macho. Gaspari akaacha kufagia. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Radi gani, bibi? Ninyi mlipita kwetu mmebeba ngao, mkala ng'ombe wote wa babu yangu, mkaondoka bila kuaga. Leo naona mmerudia nguruwe."

"Tulirudia kwa sababu mlituficha."

"Na mwaka kesho mtarudia kuku."

"Kuku wenu wana mdondo, hatuwataki."

Akacheka, Remigi. Bwana Gaspari alicheka, akakaa naye kwenye vumbi, wakatukanana kwa raha mpaka mkewe akaleta togwa. Bibi alisema watu waliokula ng'ombe wa mtu na kutupiwa radi na mtu huyo, kama hao si watani basi watani ni akina nani. Gaspari akasema wazee wa kwao wangelikubali hilo. Ndipo bibi akafungua kanga, akampa yule nguruwe mchanga, na hapo sauti yake ikabadilika. Akasema, "Huyu si fidia, mwanangu. Kilichokuwa tumboni hakifidiwi. Huyu ni wa kukufanya ufagie banda lenye mtu." Gaspari akampokea kwa mikono miwili. Binti yake akaruka kutoka kwenye uzio na tayari alikuwa na jina la kumpa.

Usidhani yameisha. Jumamosi asubuhi Gaspari akaja hapa kwetu, nguo safi, anatabasamu. Akanywa chai vikombe viwili. Akasimama, akaingia chumbani kama chake, akalikunja godoro letu na shuka zake za maua, akalitia kichwani, akatoka nalo. Godoro la harusi. Leonce alikuwa anaoga, alimfuata hadi barabarani na taulo na povu masikioni, anaita, "Mzee, mzee, hilo ni godoro." Gaspari hakugeuka. Akasema, "Mtani, nimenyakua. Mtalipata siku kijana akirudi Songea akaniomba radhi kwa mdomo wake." Msamala nzima ilitoka nje. Mama wa maandazi alipiga vigelegele.

Na mtani hagombezwi. Tunalala kwenye mkeka. Nimegundua Leonce akilala chini hakoromi, kwa hiyo hata hilo ni baraka.

Sasa sikiliza. Mtu uliyemkosea anangoja umwombe radhi. Bibi amebeba nguruwe mgongoni kwa ajili yako. Mimi nalala kwenye mkeka. Na wewe unataka kwenda kujifunza useremala. Fikiri.

Dada yako, bado na hasira, na bado anakupenda,
Nota


Mbeya
26 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Msiponisamehe kwa lingine, nisameheni godoro. Natumaini mgongo wa shemeji haujambo.

Makarius alinikuta nasoma nacheka peke yangu akachukua barua, akasoma, akakaa kitandani kwangu akacheka mpaka akalia. Amesema ameona watoto wengi hapa ambao hakuna aliyewatukania mtu kwa ajili yao.

Nitamwomba radhi Bwana Gaspari. Nimeyapanga maneno, nayarudia kila siku nikipalilia kabichi. Nimemwambia na Makarius habari ya vile vitoto. Tangu nimwambie nalala.

Lakini lile lingine, dada, sijabadilika. Shemeji hakusema kitu, umeandika mwenyewe. Alitoka nje. Mwanamume mpole hawezi kumkatalia mke mpya, atasema sawa hata kabla sentensi haijaisha, kama alivyofanya. Mimi sitaki kukaa nyuma ya ukuta wa mtu aliyesema sawa kwa sababu ya mapenzi tu. Mapenzi yakipoa kidogo nitakuwa mimi hapo, na sweta langu.

Tarehe 17 Oktoba wananileta. Tutaonana huko.

Mdogo wako,
Remigi


Msamala, Songea
20 Oktoba 2024, Jumapili, baada ya misa

Remigi,

Leo sikuulizi hali. Nakusikia. Uko upande wa pili wa mbao unamfundisha Leonce kupiga mbinja kwa vidole, na nyote wawili hamuwezi. Chakula umekula, nimeona sufuria. Kifua ni kizima, maana hakuna mwenye kifua kibovu anayeimba vile bafuni.

Nakuandikia kwa sababu tangu Alhamisi unaniuliza jambo moja, nami kila nikifungua mdomo najikuta nakimbilia jikoni. Shemeji yako nimemuuliza kama akuambie yeye, akasema, "Aa, yale?" akaenda kumwagilia maua. Nitaipitisha karatasi hii chini ya ukuta. Pale Leonce alipoacha nafasi inatosha.

Unayoyajua nayapita upesi. Ulidhani utasimamishwa kizimbani, ukakuta meza ya kawaida, viti, hakimu mwanamama bila joho na hakuna polisi aliyevaa sare, mlango umefungwa watu wasikuchungulie. Ulimwomba radhi Bwana Gaspari. Maneno uliyoyapanga kwenye kabichi yote yalikutoka ukabaki na lile moja tu: "Nilishaambiwa, nikafanya." Mzee wa watu akakushika kichwa. Alipomwambia hakimu kwamba haoni tena namna ya kumshitaki mtani wake, hakimu akasema kitu nitakachokikumbuka: "Utani wenu ni mzuri na msiuache. Lakini kwa kijana huyu utani uliishia pale shangazi yake aliposema. Baada ya hapo ni wizi, na wizi tutauita wizi hapa." Nikaona umeitikia kwa kichwa.

Kisha ukaomba kusema. Ukasema unaomba upelekwe maadilisho, kwa sababu hutaki kuvunja ndoa ya dada yako. Ulisema kwa ushujaa, na mimi nilitamani kukurushia kiatu. Hakimu akamwomba Bi Careen akutoe nje kidogo.

Hapa ndipo usipopajua.

Hakimu alimgeukia Leonce. Hakunigeukia mimi. Akamuuliza, "Bwana Leonce, wewe ni bwana harusi, huu ni mwezi wenu wa nne tu. Kwa nini unataka shemeji wa miaka kumi na sita katikati yenu? Na usinijibu kwamba mke wako ndiye anayetaka. Kijana huyo ana akili, ameliona hilo kabla yangu. Nataka lako."

Leonce unamjua. Akakunja kofia. Akakunjua. Nikaona anakuna sikio kama afanyavyo akikwama. Nilitaka kumsaidia, hakimu akaninyooshea kidole ninyamaze. Gaspari pale pembeni anatazama dari. Nikasema moyoni, imekwisha, Remigi aliona kweli, mume wangu alisema sawa kwa kunihurumia.

Halafu akasema, "Mheshimiwa, mimi huyu dada nilimpenda kwa kicheko. Nilikuwa ghalani napanga mifuko, nikasikia mtu anacheka nje ya duka, nikatoka. Alikuwa anacheka na huyo mdogo wake, sijui kwa lipi. Miaka minne nimekuwa nakwenda kwao kusikiliza hicho kicheko. Sasa nimemwoa. Ni mke mzuri, mheshimiwa, kila siku ana furaha, anacheka. Lakini anacheka nusu. Mimi nakijua chote, na kinachotoka ni nusu. Nimejenga ukuta, umeanguka, akacheka sana, na bado ilikuwa nusu. Nikakaa nikafikiri hiyo nyingine iko wapi. Iko Mbeya. Kwa hiyo mimi simwombi huyo kijana kwa ajili ya mke wangu. Namwomba kwa ajili yangu. Nataka mali yangu ikamilike."

Akakaa.

Remigi, mimi nilikuwa sijui. Nilidhani nacheka chote. Nimekuandikia barua zote zile nikidhani furaha yangu imejaa hadi ukingoni, na mwanamume huyu asiyesema alikuwa analala pembeni yangu anapima kilichopungua. Siku ile uliyosema hakusema kitu, alikuwa nje na maua anayatafuta maneno hayo.

Hakimu alivua miwani akaifuta, na haikuwa na kitu. Bwana Gaspari akasema, "Mheshimiwa, na godoro nalirudisha leo leo, maana huyu ataniua kwa maneno." Hapo ndipo kilipotoka, kile kicheko changu kingine, chote, mahakamani, machozi yananitiririka na siwezi kujizuia. Leonce akanigeukia kama mtu aliyesikia jina lake. Hakimu akacheka, karani akacheka, Gaspari anapiga goti lake.

Hakimu akasema, "Mleteni kijana." Mwaka mmoja nyumbani kwetu, Bi Careen atakuja kila mwezi, shule Jumatatu, Jumamosi asubuhi bandani kwa Gaspari ukasaidie kulea. Hayo uliyasikia mwenyewe.

Ulipoingia ukatukuta tunacheka wote, ukasimama mlangoni, ukashika sweta lako, uso umekunjamana. Umeniuliza tangu siku ile tulikuwa tunakucheka kwa nini. Hatukuwa tunakucheka wewe.

Sasa acheni mbinja, mje mle. Na usimwonyeshe shemeji yako karatasi hii, ataona haya akamwagilie maua tena, na yale maskini yamekwisha kunywa sana.

Dada yako, hapa hapa,
Nota